Maungio ya umio yakivuja baada ya upasuaji: kipi kitangulie, stenti, kufyonza au kurudi thieta?

Mpasuaji_Kijana

Wakuu, shikamooni mlionitangulia kwenye fani. Wengine habari zenu.

Tunaandaa mwongozo wa wodi kwa wagonjwa waliokatwa umio kwa sababu ya saratani, wale ambao tumbo linageuzwa mrija na kuvutwa juu ili liungwe na kipande cha umio kilichobaki. Wengi wanafanyiwa Ivor Lewis, tumbo kwanza kisha kifua cha kulia, kwa hiyo maungio yanabaki ndani ya kifua. Wachache maungio yao yako shingoni. Kurasa za maandalizi na za dawa za maumivu zimekamilika. Ukurasa wa maungio kuvuja ndio unaotukwamisha, maana vitabu vinaandikwa kana kwamba kila kifaa kipo.

Vilivyopo ni hivi: CT (picha ya kompyuta ya ndani ya mwili) mchana, usiku mpaka aitwe mtu. Endoskopi (kamera inayopitishwa mdomoni) ipo na mwenye kuitumia yupo. Stenti (mirija ya wavu inayotanuka ndani ya umio) ni zile za kumwezesha mgonjwa wa saratani kumeza, upana milimita 18, katikati zimefunikwa na ncha zake ziko wazi. Kufyonza tunatumia bomba la ukutani lenye geji. Sponji maalumu ya kuweka ndani ya umio hakuna.

Naomba msaada: dalili ipi imfanye daktari wa zamu asisubiri kukuche? Mgonjwa wa siku ya sita ambaye mpira wa kifua umeanza kutoa maji ya kahawia yenye harufu, lakini anaongea na presha yake imetulia, aanziwe nini? Stenti hizi za saratani zinafaa? Na ni wakati gani tuseme huyu arudi thieta?

Kifua_Kulia

Marahaba. Juu kabisa ya ukurasa huo andika hivi: tundu peke yake haliui, kinachoua ni mate, nyongo na asidi vikimwagika kifuani na kukosa pa kutokea. Kwa hiyo dreni (mpira wa kutoa uchafu nje) kwanza, kuziba baadaye. Wengi wanageuza mpangilio huu. Stenti inawekwa, picha ya kesho yake inaonyesha imekaa vizuri, na mgonjwa anaendelea kuzama kwa sababu usaha bado uko nyuma ya pafu.

Ili mwongozo ueleweke, weka na sababu ya kuvuja. Mrija wa tumbo unaishi kwa ateri moja, ile ya kulia inayofuata mkunjo mkubwa wa tumbo. Ateri ya kushoto ya tumbo na zile fupi za upande wa bandama zimekatwa. Ncha ya juu, ambako ndiko tunakounga, iko mbali kuliko sehemu nyingine zote na damu huifikia kwa kupenya kidogo kidogo ndani ya ukuta wa tumbo. Ongeza presha iliyoshuka usiku wa kwanza, dawa za kubana mishipa, mrija uliojaa hewa na maji hadi ukavutika, na umio wenyewe ambao hauna utando wa nje unaoshika nyuzi kama utumbo. Uvujaji wa ndani ya saa 48 hadi 72 mara nyingi ni hitilafu ya mshono au mrija uliokufa. Ule wa kati ya siku ya 5 na ya 10 kwa kawaida ni uhaba wa damu kwenye ukingo. Aina hizi mbili hazitibiwi sawa, na ukurasa wako uzitenganishe.

Dalili ya kumwamsha mtu usiku ni mapigo ya moyo. Yakizidi 110 na huwezi kuyaeleza kwa maumivu wala upungufu wa maji, au moyo ukianza kupiga ovyo bila mpangilio kwa mtu ambaye hakuwa na tatizo hilo, chukulia kwamba anavuja mpaka uthibitishe vinginevyo. Homa huchelewa. Maumivu huchelewa zaidi kwa sababu ya katheta ya ganzi ya mgongoni. Pamoja na mapigo, angalia mgonjwa aliyeanza kuhema haraka, aliyechanganyikiwa kidogo, au aliyepunguza mkojo. CRP, kipimo cha damu kinachopanda kukiwa na maambukizi, ipimwe kila siku kuanzia siku ya 3. Kawaida hufika kileleni siku ya 2 au 3 kisha hushuka. Ikigoma kushuka, au ikipanda upya na kuvuka 150 mg/L siku ya 4 au 5, fanya CT siku hiyo hiyo. CRP ya chini hutuliza wasiwasi vizuri. Ya juu inaweza kuwa nimonia tu, kwa hiyo isome pamoja na mgonjwa.

Sasa mgonjwa wako wa siku ya sita. Maji ya kahawia yenye harufu ni jibu tayari, usingoje picha ndipo uanze. Asipewe chochote kwa mdomo, na mate ayateme. Kitanda kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45. Oksijeni apewe, lakini barakoa ya kusukuma hewa kwa nguvu iepukwe kadiri inavyowezekana, maana hewa hiyo huingia kwenye mrija na kuuvuta. Damu ya kuotesha vijidudu ichukuliwe, kisha antibiotiki ndani ya saa moja: piperasilini na tazobaktamu gramu 4.5 kila saa 6 hadi 8. Ikikosekana, seftriaksoni gramu 2 kwa siku pamoja na metronidazoli miligramu 500 kila saa 8. Ongeza flukonazoli, miligramu 800 dozi ya kwanza kisha 400 kila siku, kwa sababu fangasi wa mdomoni hushuka na mate hadi kifuani, hasa kwa mgonjwa aliyekuwa akitumia omeprazoli. Dozi zipimwe kulingana na figo. Omeprazoli miligramu 40 kila saa 12 kwa mshipa. Maji ya Ringer yatolewe kwa mililita 250 hadi 500, kisha mpime tena kabla ya kuongeza. Mapafu ya wagonjwa hawa hujaa haraka.

Mpira wa puani lazima uwe unafanya kazi, kwani mrija uliojaa unasukuma uchafu kupitia tundu. Ukiwa umechomoka, mtu asiurudishe kwa kukisia. Ncha yake inaweza kupita kwenye maungio na kuingia kifuani. Urudishwe kwa endoskopi. Liandike hilo kwa wino mwekundu.

CT iwe ya kifua na tumbo, yenye dawa ya picha ya mshipani na ya kumeza, mililita 50 hadi 100 muda mfupi kabla ya kulala mezani. Ya kumeza chagua yohekso, iliyo nyepesi. Gastrografin ikipaliwa huvuta maji ndani ya pafu, na wagonjwa hawa hupaliwa kirahisi kwa sababu neva ya sauti mara nyingine imeguswa. Tafuta viputo vya hewa kando ya maungio, maji yaliyojikusanya, na kama ukuta wa mrija unapokea damu. Dawa isipoonekana ikitoka bado anaweza kuwa anavuja. Usiku ambapo CT haipatikani, matone machache ya methilini buluu kwenye maji kidogo anywe, kisha tazama mpira wa kifua. Buluu ikitoka umepata jibu. Isipotoka, hujapata. Asipewe mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD wala anayetumia dawa za sonona zinazopandisha serotonini. Amilesi (kimeng'enya kilichomo kwenye mate) ya maji ya dreni ikiwa juu sana kuliko ya damu nayo inakuelekeza kwenye mate.

Kuna mtego mmoja: maji meupe kama maziwa yanayoongezeka mara anapoanza kulishwa ni kilo (maji ya limfu yenye mafuta), si kuvuja kwa maungio. Pima trigliseridi. Zikizidi 110 mg/dL, tatizo ni mfereji wa limfu wa kifua.

Kisha dreni. Mpira uliowekwa siku ya upasuaji mara nyingi umekaa mbele au umeziba kwa fibrini (utando wa damu iliyoganda), ilhali usaha uko nyuma na chini. Weka mwingine, namba 28 hadi 32, kwa kuongozwa na picha. Piga eksirei baadaye. Pafu lisipotanuka, au picha ikionyesha vyumba vyumba, mpira wa tatu hautasaidia. Huyo anahitaji kusafishwa kifua.

Kundi la kimataifa la wapasuaji wa umio lilikubaliana mwaka 2015 kuyagawa maungio yanayovuja kwa madaraja matatu kulingana na tiba. Daraja la kwanza anatibiwa kwa dawa na kubadili lishe tu. La pili anahitaji kazi ya mkono bila thieta, kama dreni ya picha, stenti, au kufungua jeraha la shingo kitandani. La tatu anahitaji upasuaji. Tumieni madaraja hayo ili rekodi zenu zilinganishwe na za wengine.

Arudi thieta bila mjadala: mrija ulioonekana mweusi kwa endoskopi, maungio yaliyoachana sehemu kubwa ndani ya saa 72, au mgonjwa ambaye mmemwekea dreni nzuri na antibiotiki lakini baada ya saa 12 hadi 24 bado laktati (asidi ya damuni inayopanda mwili ukikosa oksijeni) inapanda na anahitaji dawa za kushika presha. Ndani ya thieta kazi inategemea nyama. Kama kingo ni hai na tundu ni dogo, safisha, shona tena, kisha funika kwa msuli wa katikati ya mbavu ulioachwa na mshipa wake. Msuli huo uulaze juu ya mshono kama kiraka na usiuzungushe umio wote, maana ukikauka hubana. Kama mrija umekufa, usijaribu kuokoa maungio. Kata kilichokufa, rudisha tumboni kilicho hai, toa ncha ya umio shingoni upande wa kushoto ili mate yatoke nje, weka mpira wa kulishia kwenye utumbo mwembamba, acha dreni kubwa. Kuungwa upya, mara nyingi kwa utumbo mpana, kusubiri miezi 3 hadi 6 akiwa amenenepa. Familia iambiwe mapema kwamba mate yatatokea shingoni, na kwamba hatua hiyo ndiyo inayompa nafasi ya kuishi.

Endo_wa_Zamu

Nakubaliana na Daktari hapo juu, hasa kuhusu dreni kutangulia. Niongeze upande wa kamera.

Endoskopi baada ya kuunga umio si hatari kama inavyoogopwa, ilimradi anayeishika ana uzoefu na anatumia kaboni dioksidi badala ya hewa ya kawaida, kwa kiasi kidogo. Kama kaboni dioksidi haipo, mpira wa kifua uwe wazi na unafanya kazi kabla ya kuanza, la sivyo hewa utakayosukuma italibana pafu. Njia ya hewa ilindwe kwa mpira wa koo. Andika mambo manne: tundu liko sentimita ngapi kutoka kwenye meno, limekula sehemu gani ya mzunguko, nyuma yake kuna shimo la ukubwa gani, na rangi ya mrija. Waridi ni nzuri. Zambarau, rudia baada ya saa 24. Nyeusi, piga simu thieta.

Kuhusu stenti zenu. Katika Afrika Mashariki stenti za aina hiyo zimetumika sana, na Tenwek kule Bomet imeonyesha kwamba kwa saratani zinaweza kuwekwa kwa usalama hata bila fluoroskopi (eksirei ya moja kwa moja). Lakini pale uvimbe wenyewe ndio unaoishika stenti. Mgonjwa aliyekatwa umio hana uvimbe. Juu kuna umio, chini kuna mrija wa tumbo wenye upana wa sentimita 4 hadi 5, kwa hiyo ncha ya chini ya stenti ya milimita 18 inaning'inia, na mate pamoja na asidi vinapita pembeni yake hadi kwenye tundu. Ukitumia stenti kwa kazi hii, tafuta ile pana yenye ncha zilizotanuka zaidi.

Aina nayo ina gharama zake. Iliyofunikwa yote huhama kirahisi lakini hutolewa bila shida, na mara nyingi huachwa wiki 4 hadi 6. Iliyofunikwa nusu, kama zenu, huziba vizuri na huhama kidogo, ila nyama huota ndani ya ncha zilizo wazi. Msiiache zaidi ya wiki 2 hadi 3. Ikishanasa, msiivute kwa nguvu. Iwekwe iliyofunikwa yote ndani yake, yenye upana uleule, ikae siku 10 hadi 14 ili kuikandamiza ile nyama mpaka ife, kisha zitolewe zote mbili. Eksirei ipigwe saa 24 na tena saa 72 kuona kama imehama, na kila mara mgonjwa anapopata homa mpya. Stenti haifai kama tundu linazidi sentimita 6, kama liko juu sana karibu na koromeo, kama liko chini kwenye mrija wenyewe, au kama mrija umekufa. Na akikohoa damu, hata kidogo, chukulia kwamba stenti inaula mshipa mkubwa.

Kwa vifaa mlivyotaja, mimi ningeweka nguvu zaidi kwenye kufyonza kwa ndani. Sponji ya dukani si lazima. Madaktari wa Brazil wametumia sana ya kutengeneza kwa mkono, nayo inafanya kazi. Chukua mpira wa puani namba 14 au 16. Zungushia gozi sehemu yote yenye matundu, unene wa kutosha kujaza shimo lakini usiozidi kidole gumba, urefu kulingana na tundu. Juu ya gozi funga plastiki safi ya kubandika ngozi wakati wa upasuaji. Funga ncha zote mbili kwa uzi wa hariri namba 2-0, kaza ili gozi isiteleze. Kisha toboa plastiki kwa sindano namba 18 pande zote, matundu mengi, mpaka uone maji yanafyonzwa kwa urahisi ukijaribu kwenye bakuli la saline. Msifikishe kitu hiki mwilini kabla ya jaribio hilo la bakuli.

Acha kitanzi kidogo cha uzi kwenye ncha ili koleo ya endoskopi ikishike na kuongoza. Kama nyuma ya tundu kuna shimo la usaha, ncha iingie ndani ya shimo. Kama hakuna shimo, ikae ndani ya umio ikivuka tundu kwa sentimita 2 juu na 2 chini. Mpira upitishwe kutoka mdomoni hadi puani, uandikwe sentimita zake, ufungwe vizuri. Fyonza mfululizo kwa milimita 75 hadi 125 za zebaki chini ya sifuri, mkisoma kwenye geji. Sponji halisi hubadilishwa kila siku 3 hadi 5. Ya gozi na plastiki huvumilia hadi wiki moja kwa sababu nyama haioti ndani yake. Kila mkibadilisha, shimo linapaswa kuwa dogo na jekundu safi kuliko mara iliyopita. Punguza ukubwa wa gozi ulifuate shimo linavyofunga. Kazi hii huchukua wiki 2 hadi 4, na familia ijue hivyo tangu mwanzo.

Kinachoharibika mara nyingi ni kuziba. Geji inasoma sawa, chupa haipati kitu, na homa inarudi: mpira umeziba, na hapo mgonjwa hana dreni wala kizibo. Tatizo la pili ni uvujaji wa damu. Kabla ya kuweka, CT isomwe ukitazama umbali wa shimo na aota (mshipa mkuu wa damu) na chumba cha kushoto cha moyo. Shimo likigusa mshipa mkubwa, msiweke. Damu mbichi ikionekana kwenye mpira, zima kufyonza, usiuvute mpira, na wapasuaji waitwe hapohapo. Wakati wa kutoa, zima kufyonza, sukuma mililita 20 hadi 50 za saline, subiri dakika 15, ndipo uvute taratibu.

Klipu ndogo zinazopita ndani ya endoskopi msizipotezee fedha kwenye kazi hii. Hazishiki kwenye kingo zilizokosa damu.

Sista_HDU

Habari zenu madaktari. Mwongozo ukiandikwa na madaktari peke yao sehemu ya lishe huwa mistari miwili, nami naomba iwe ukurasa.

Mgonjwa huyu hatakula kwa mdomo wiki kadhaa. Lengo ni kilokalori 25 hadi 30 kwa kilo kwa siku, na protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kilo, kupitia mpira wa utumbo mwembamba ambao uwekwe siku ya upasuaji wa kwanza, si baada ya matatizo. Anza mililita 20 kwa saa, ongeza 20 kila saa 8 hadi 12 akivumilia. Iende kwa matone mfululizo. Utumbo mwembamba hauna ghala kama tumbo, ukimsukumia mililita 300 kwa bomba la sindano ataharisha, atasokotwa na tumbo, na presha inaweza kushuka.

Wengi wa wagonjwa hawa walikuja wakiwa hawajameza chakula kigumu kwa wiki nyingi. Ukimjaza lishe kamili siku ya kwanza, fosfeti, potasiamu na magnesiamu hushuka ghafla na moyo unaweza kusimama. Kwa aliyekonda sana anza kilokalori 10 kwa kilo, mpe thiamini miligramu 200 hadi 300 kwa siku kabla ya lishe kuanza, pima madini hayo kila siku kwa siku tano za mwanzo na uyarudishe yakipungua. Kupanda hadi lengo kuchukue siku 4 hadi 7.

Mpira wa utumbo ni mwembamba na unaziba kwa urahisi. Usafishwe kwa mililita 30 za maji kila saa 4, na kabla na baada ya kila dawa. Vidonge visisagwe na kupitishwa humo, omba dawa ya maji. Uji wa lishe uliokolea hauingii humo hata ukichujwa mara mbili. Kama lishe ya kopo haipatikani, mtaalamu wa lishe aandae mchanganyiko mwepesi, usikae nje zaidi ya saa 4, hasa kwenye joto la Pwani.

Mpira wa puani ufungwe kwa uzi puani au kwa utepe unaopita nyuma ya pua, si plasta peke yake. Jasho huiondoa plasta alfajiri na mpira hutoka bila mtu kuona. Andika sentimita zake kwenye chati kila zamu. Kwa mpira wa kifua andikeni rangi na harufu, si kiasi tu. "Mililita 300" haimsaidii daktari. "Mililita 300, kahawia, harufu ya chakula" inamsaidia. Viputo vipya vinavyotokea kila anapohema, na kikohozi kila anapomeza mate, viripotiwe palepale, maana inawezekana njia imefunguka kati ya mrija na bomba la hewa.

Kwa mpira wa kufyonza, sisi tusukume mililita 10 za saline kila saa 6 au kama daktari alivyoagiza, na geji isomwe kila saa. Umeme ukikatika na bomba la ukutani likazimika, bomba kubwa la sindano, la mililita 50, livutwe na kufungwa kwa koleo likiwa limevutwa, kushikilia mpaka umeme urudi.

Kinywa kisafishwe kwa klorheksidini au maji ya chumvi mara nne kwa siku. Kila tone la mate linalomezwa linapita kwenye lile tundu.

Mpasuaji_Kijana

Asanteni sana wakuu, na Dada yetu ukurasa wa lishe utakuwa kama ulivyosema. Mambo mawili yamebaki. Wale wa maungio ya shingoni njia yao ni tofauti kiasi gani? Na tunapata wanaotobolewa umio wakati wa kutanuliwa, wengine ni wa saratani, wengine watoto waliokunywa asidi ya betri au kostiki soda. Waingie ukurasa huu huu?

Kifua_Kulia

Shingo huvuja mara nyingi kuliko kifua lakini huua mara chache, kwa sababu uchafu una njia ya kutoka. Jeraha likiwa jekundu, limevimba, au ukilibonyeza linatoa mlio wa hewa chini ya ngozi, lifungue kitandani siku hiyo hiyo. Toa nyuzi za ngozi, fungua na tabaka la msuli wa juu, penyeza kidole taratibu mpaka usaha utoke, osha kwa saline, jaza gozi yenye unyevu bila kukaza, badilisha mara 2 hadi 3 kwa siku. Jeraha hufunga ndani ya wiki 1 hadi 3. Kosa la kawaida ni kufungua sentimita moja kwa aibu ya kuharibu kovu. Fungua lote. Asipopata nafuu ndani ya saa 24, fanya CT ya kifua: maungio ya "shingoni" mara nyingi yameteleza chini ya mfupa wa kifua na usaha umeshuka, na hapo anatibiwa kama wa kifuani.

Waliotobolewa wakitanuliwa wapewe ukurasa wao, kwa sababu saa zinahesabiwa tofauti. Tishu yao haijakosa damu, na ikishughulikiwa ndani ya saa 24 matokeo ni mazuri zaidi. Baada ya hapo vifo huongezeka karibu maradufu. Maumivu ya kifua au shingo baada ya kutanua, au hewa chini ya ngozi, picha ifanywe kabla mgonjwa hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Maji wala chai asipewe kwanza.

Wa saratani isiyoweza kukatwa: hapa ndipo stenti zenu zinapofaa kweli. Iwekwe hapohapo mezani ivuke tundu na uvimbe, na kifua kiwekewe mpira kama kuna maji. Mtoto mwenye kovu la asidi: tundu dogo lililobaki ndani ya tishu za katikati ya kifua, dawa ya picha inayorudi ndani ya umio, mtoto asiye na homa wala mapigo ya juu, anaweza kutibiwa bila upasuaji kwa kutokula, antibiotiki na uangalizi wa kila saa 4. Akibadilika, thieta.

Ukilazimika kushona, tundu la kati hufikiwa kutoka kulia, la chini kutoka kushoto kupitia mwanya wa mbavu wa 6 au 7. Refusha mkato wa msuli juu na chini kabla ya kushona, maana utando wa ndani siku zote umechanika zaidi ya unavyoona kwa nje. Ukiruka hatua hii unashona katikati tu na ncha zinabaki wazi. Utando kwa uzi unaoyeyuka 3-0 au 4-0, msuli juu yake, kisha kiraka cha msuli wa mbavu. Na kovu au achalasia (mlango wa chini wa umio usiofunguka) iliyo chini ya tundu ishughulikiwe wakati huo huo. Umio ulioziba chini utapasua mshono wowote wa juu. Kama amechelewa siku kadhaa na kingo zinakatika kwa uzi, mpira wa umbo la T uwekwe ndani ya tundu, utolewe nje ya ngozi na uachwe wiki 6 hivi mpaka njia yake ikomae.

Endo_wa_Zamu

Nyongeza moja ya kumrudisha mgonjwa mezani. Kabla ya kumeza, picha ya yohekso iwe safi, CRP iwe imeshuka na dreni iwe safi kwa siku mbili mfululizo. Aanze maji vijiko vichache siku ya kwanza, kisha vitu vya majimaji, kisha laini. Mpira wa kifua usitolewe kabla ya siku ya pili ya kumeza. Lishe ya mpira wa utumbo iendelee usiku mpaka afikie robo tatu ya mahitaji yake kwa mdomo.

Maungio yaliyovuja hupona kwa kovu, na kovu hubana. Mpeni tarehe ya kurudi wiki ya 4 hata kama anameza vizuri, na mwelezeni ndugu kwamba ugali ukianza kukwama arudi mara moja. Kutanua kuanze kwa kitanuzi chembamba, hatua tatu kwa kikao, na kurudiwe kila wiki 1 hadi 2 mpaka afike milimita 15.